Bi Sikudhani Aliyehama Nyumba Yake Ili Asiipoteze

Jioni njema, wasikilizaji wapendwa, mlio hapa mjini Dodoma na mlio Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Manyoni. Punguza kidogo kelele hapo ulipo, uketi nasi. Jioni hii tunamkumbuka mama mmoja wa Nzuguni. Jina lake ni Bi Sikudhani Mbaruku, fundi cherehani. Amefariki dunia Jumanne ya wiki hii, akiwa usingizini, nyumbani kwake.

Narudia: nyumbani kwake. Kuna wakati ilibaki kidogo tu neno hilo lisiwe kweli.

Bi Sikudhani alizaliwa hapa hapa mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara waliofika Dodoma enzi za misafara wakakita mizizi. Alikulia kwenye nyumba ya urithi. Kila chumba kilikuwa na familia, na kila familia ilikuwa na neno juu ya sufuria ya mwenzake. Tangu msichana alitamani kitu kimoja: mlango wake mwenyewe.

Aliolewa na Harithi Swalihu, dereva mwenye lori dogo, aliyekuwa akibeba zabibu kutoka Makutupora. Yeye Sikudhani alikuwa na chumba cha kushonea sare za shule kule Kizota. Serikali ilipohamia Dodoma, nyumba zikaanza kuota Nzuguni kama uyoga. Nao wakathubutu. Walichukua mkopo benki wakanunua nyumba ya vyumba vitatu. Nyumba yenyewe ndiyo ilikuwa dhamana. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa: nyumba yenyewe ndiyo dhamana. Ukishindwa kulipa, benki ina haki ya kuiuza.

Binti yao, Khairat, anaikumbuka siku waliyohamia. "Mama hakupika siku ile," anasema. "Alizunguka nyumba nzima akifungua milango na kuifunga. Mpaka baba akamwambia, 'Mama Khairat, utazing'oa bawaba kabla hatujalala hata usiku mmoja.'"

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda. Lori lilileta, cherehani ikaleta, benki ikapata chake. Kisha, msimu mmoja wa zabibu, Harithi akaanguka akiwa anapakia makreti. Kiharusi. Upande wa kulia ukapooza. Lori likauzwa kwa matibabu. Mkopo uliokuwa ukibebwa na watu wawili ukabaki mabegani mwa mmoja.

Bi Sikudhani alifanya nini? Alijificha. Yeye mwenyewe hakuwahi kulificha jambo hilo baadaye, kwa hiyo nasi tunalisema. Namba ya benki aliihifadhi kwenye simu kwa jina la "Usipokee". Mumewe akimuuliza, alijibu mambo ni mazuri. Binti akimuuliza, mambo ni mazuri. Rejesho la kwanza likapita, la pili likapita. Siku moja akakuta mtu getini amemletea notisi. Ndani yake mlikuwa na neno moja ambalo macho yake yalilirukia mara moja: mnada.

Rafiki yake wa Kizota akamwambia ziko ofisi ndogo zinazotoa pesa papo hapo. Mnaifahamu mikopo hiyo, wasikilizaji wapendwa. Mitaani tunaiita kausha damu, kwa jinsi riba yake inavyokamua. Bi Sikudhani akaenda. Akaketi kwenye benchi. Mbele yake mama mwingine alikuwa akilia huku friji lake likipakiwa kwenye bajaji ya mizigo.

Zamu yake ikafika. Kijana wa mezani akamuuliza, "Unaweka nini, mama?"

"Nina vyerehani vitatu."

"Vizuri. Vinatosha."

Pesa ikaanza kuhesabiwa mbele yake. Bi Sikudhani akaitazama, akawaza: vyerehani ndivyo vinavyonilisha. Nikiviweka rehani, nitalipa kwa nini? Nitachimba shimo hili kufukia lile. Akasimama. "Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. Akaondoka, na hakurudi tena.

Jioni ile alimweleza mumewe kila kitu. Harithi hakupandisha sauti. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida tangu augue. Alisema, "Mkono wangu ndio umepooza, Mama Khairat. Masikio yangu mazima. Kwa nini hukuniambia?"

Asubuhi yake akavaa, akaenda benki.

Afisa mikopo alikuwa kijana anaitwa Damas. Akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye yule Sikudhani asiyepokea simu."

Damas akafungua faili, akatikisa kichwa. "Mama, ungekuja pale ulipokosa rejesho la kwanza, ningekuwa na mengi ya kukupa. Sasa faili lako limeshafika kwa wanasheria. Lakini muda wa notisi haujaisha. Niletee mpango ninaoweza kuutetea mbele ya wakubwa wangu. Unaingiza nini kwa mwezi, unatumia nini, na pengo utaliziba vipi. Niambie kweli tupu."

Alikwenda, akarudi na hesabu za sare. Wakubwa wakakataa. Pengo lilikuwa pana mno kwa sindano moja kuliziba.

Hapo ndipo wazo lile likamjia, na lilimuuma kama jino. Nyumba za kupanga Nzuguni zilikuwa zikigombewa na watumishi waliohamishwa kutoka Dar es Salaam. Wao wenyewe wahame. Wakaishi kwenye chumba cha kushonea, Kizota. Nyumba ipangishwe, kodi iende benki moja kwa moja.

Harithi alikataa katakata. "Mimi nihame nyumba yangu, nikalale katikati ya vitambaa? Watu watasema nini?"

Bi Sikudhani akamjibu, "Tukikaa, tutatolewa. Tukitoka wenyewe, tutarudi."

Walinuniana siku kadhaa. Mwisho Harithi akamwita Khairat, akamwambia amfungie nguo zake.

Mpangaji akapatikana: Debora, mtumishi wa serikali. Bi Sikudhani akapeleka mkataba wa upangaji benki, na safari hii Damas alikuwa na cha kutetea. Benki ikakubali kuupanga mkopo upya. Muda ukaongezwa, rejesho la mwezi likapungua, na kwa miezi michache ya mwanzo akaruhusiwa kulipa riba peke yake. Haukuwa msamaha, wasikilizaji wapendwa. Muda ukirefuka, na riba inarefuka. Mwishoni alilipa zaidi. Alilijua hilo, akatia saini.

Maisha ya Kizota hayakuwa mepesi. Ukuta wa pili walikuwa mafundi wa kuchomelea mageti. Kutwa kucha mashine zikilia. Harithi alikaa mlangoni kwenye kiti chake, akisalimiana na wapita njia. Wateja wakamzoea. Alijifunza kukata nyuzi za vifungo kwa mkono wa kushoto. Jioni alikuwa akimuuliza mkewe, "Kodi imeingia?" Akiambiwa imeingia, anafumba macho na kulala.

Msimu wa pili wa baridi, Julai ile ya upepo unaokata midomo, kiharusi kikarudi. Harithi akafariki pale pale Kizota. Hakuwahi kulala tena Nzuguni.

Debora anasimulia: "Nilipopata habari nikapiga simu. Nikamwambia, 'Mama, baba atakwenda kuzikwa akitokea nyumbani kwake.' Mimi ni Mkristo, taratibu zao sizijui. Nikawaita majirani wanielekeze. Tukatoa makochi yangu nje, tukatandika mikeka."

Maiti ikaletwa Nzuguni. Bi Sikudhani akavua ndala mlangoni, akaingia nyumba ambayo hakuwa ameikanyaga tangu ahame. Khairat alikuwa amemshika mkono. "Mama alisema maneno matatu tu," anakumbuka. "Alisema, 'Baba Khairat, tumerudi.' Kisha akaketi chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku baba alipoanguka Makutupora."

Jambo hilo halikumtoka. Hata baada ya Debora kujenga kwake na kumkabidhi funguo, hata baada ya kumaliza mkopo na benki kumrudishia hati ya nyumba, alikuwa akisema, "Nilimtoa humu, na sikumrudisha akiwa hai." Siku aliyopokea hati hakupiga vigelegele. Alipika pilau, sinia la kwanza akampelekea Debora.

Khairat naye ana lake. "Mama alidhani baba alihama kwa kulazimishwa," anasema. "Lakini mimi ndiye niliyemfungia nguo. Baba aliniambia, 'Mama yako ana akili kuliko hasira zangu.' Nilimweleza mama maneno hayo miaka kadhaa baadaye. Akaniomba niyarudie."

Watu wakaanza kumfuata. Mtu akipata notisi, anaelekezwa kwa fundi wa sare. Hakuwa na miujiza. Alimwambia kila mmoja: nenda benki leo, usingoje kuitwa. Nenda na mwenzako. Usikope kwingine kulipa huku. Na hakumdanganya mtu.

Kefa, fundi wa kuchomelea wa Kizota, alizungumza msibani juzi. Alichelewa sana na mkopo wake. Bi Sikudhani alikwenda naye benki, wakapiga hesabu kila upande, zikakataa. Akamwambia, "Kefa, nyumba hii haishikiki. Omba ruhusa uiuze mwenyewe, kabla mnada haujaiuza kwa bei ya kutupa." Kefa alikasirika. Kisha akafuata ushauri.

"Watu wanadhani aliniokolea nyumba," Kefa alisema mbele ya waombolezaji. "Hapana. Alinisaidia kuipoteza vizuri. Nilimaliza deni, nikabaki na cha kununulia kiwanja. Nimejenga vyumba viwili. Leo nimetoka huko kuja kumzika."

Alizikwa Jumatano baada ya sala ya alasiri, kando ya Harithi wake. Mwili ulitokea Nzuguni, kwenye mlango aliouhangaikia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa Khairat, kwa wajukuu, kwa ukoo wote wa Mbaruku na wa Swalihu, kwa Debora na kwa mafundi wa Kizota: poleni sana. Sote hapa studio tunashika tama pamoja nanyi. Mungu awape subira, naye amrehemu mama yetu.

Nawe unayetusikiliza, huenda rejesho la mwezi huu limekushinda. Huenda uko sebuleni sasa hivi, na mwenzako yuko jikoni, naye hajui lolote. Tunazima kipaza sauti sasa, ili nyumba iwe kimya. Inuka, umwite, umweleze.