Waliolala Chini ya Mahindi ya Mama Dorsila

Wasikilizaji wapendwa wa redio ya shule, taifa limetikisika. Bendera ziko nusu mlingoti. Ya shule yetu, kusema kweli, kamba ilikatika Januari na imekwama hapo tangu siku hiyo.

Aliyetutoka ni Mama Dorsila Awino. Mama Dorsila, mpishi wetu kwa miaka ishirini na miwili. Shamba lake linapakana na uwanja wetu wa mpira. Studioni niko na binti yake, Dada Rispa.

Shamba hilo lilijaa gugu liitwalo kayongo. Kayongo ina maua ya zambarau, mazuri kama ya harusi, na hunyonya mahindi mizizini. Mbegu zake hulala udongoni miaka mingi, zikisubiri mzizi wa mahindi upite.

Mama Dorsila akapanda desmodiamu, mmea wa malisho, kati ya mistari ya mahindi. Mizizi ya desmodiamu hutoa dawa. Dawa hiyo huiamsha kayongo, kisha huizuia isishike mahindi. Inaamka, inapapasa, inakufa.

Dada Rispa anakumbuka akiambiwa na mama yake, aliyemwita nyara, yaani binti yangu: "Shambani kuna waliolala, nyara. Usiwaamshe kama hujawatega."

Majirani walimuuliza kama majani hayo atayapika ama atayaoa. Alipovuna magunia kumi na moja, wakaja kuomba mbegu.

Halafu, mwaka jana, desmodiamu ikatoweka. Ilitoweka mchana, Mama akiwa jikoni anatupikia. Hakuna aliyejua nani kaichukua. Msimu uliofuata kayongo ikaamka, na safari hii ikapata pa kushika. Shamba lote zambarau. Akavuna madebe mawili.

Hadi wiki yake ya mwisho, asema Dada Rispa, alikuwa akiuliza: "Nimewakosea nini wale walio chini?"

Familia, poleni sana. Nasi tutafakari, wasikilizaji: tusiguse tusichokipanda. Desmodiamu ile haikustahili kuishia kwa sungura wa Klabu ya Kilimo, na...

Dada Rispa ameinua kichwa.

"Sungura gani, wewe? Mama alimaliza mwaka akiuliza ilienda wapi. Nani kakwambia sungura?"

Wasikilizaji wapendwa, sikuambiwa. Ilikuwa zamu yangu kuwalisha. Panga lilikuwa butu, nikang'oa na mizizi. Ningependa kusema nilidhani ni magugu. Nilijua ni yake. Niliona itakuwa kichekesho, Mama arudi akute shamba limenyolewa.

Jioni ile alinijazia maharagwe, akisema ninakonda. Nikala.

Dada Rispa, walio chini hawakumfanya kitu. Ni mimi.