Risala ya Wafanyakazi wa Maktaba Kuhusu Neno la Siri Lililoandikwa Juu ya Birika

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu, na ninyi wasomaji mlioacha vitabu wazi mezani ili mje kutusikiliza,

Makaribisho

Karibu tena nyumbani. Mara ya mwisho ulikuja kusherehekea nasi kitabu cha elfu nne kuingia katika maktaba yetu ya kidijitali. Ulikunywa chai katika chumba chetu nyuma ya kaunta na tukapiga picha ya pamoja. Picha hiyo tutairudia mbele kidogo, na tunaomba utuvumilie tukifika hapo. Risala hii ni ya kwanza kuandikwa bila yule anayetuandikia risala kila mwaka. Ukiona tumepwaya mahali, ujue pengo ni lake.

Historia

Kazi ya kuingiza vitabu kwenye kompyuta ilianzishwa na mkutubi mmoja tunayemwita Mama Kadi. Kwa miaka sita alilaza kurasa kwenye skana, moja baada ya nyingine, hadi kidole gumba kikaota sugu. Na kila kitabu alichokiingiza alikiandikia pia kadi kwa mkono, akaitia katika droo za mbao.

Tulimtania mno. "Mama, dunia imehama, wewe bado unafuga makaratasi?"

"Cheka tu," alikuwa akijibu. "Mashine ikizira mtanitafuta."

Mafanikio

Wasomaji wasioweza kupanda ngazi zetu walisoma wakiwa vitandani kwao. Mjane mmoja alikuta tangazo la harusi yake katika gazeti la zamani, akaja kutushukuru huku simu ameikumbatia kifuani. Tungeweza kutaja pia rangi mpya ya mlango, lakini tunaona aibu kuiweka karibu na hilo.

Changamoto

Miezi mitatu iliyopita, Jumanne asubuhi, tuliwasha kompyuta tukakuta vitabu vyote elfu nne vimegeuka herufi zisizosomeka. Tulikuwa tumevamiwa kimtandao. Hapo kila mmoja wetu akawa mpelelezi. Dereva alisema ni mataifa makubwa. Mlinzi alishikilia kuwa ni wanafunzi wanaokimbia mtihani. Wengine tuliwataja wenye maduka ya vitabu, bila hata chembe ya ushahidi.

Kisha wataalamu wakatuambia kwamba mvamizi aliingia kwa akaunti ya Mama Kadi, na aliandika neno la siri sawasawa bila kubahatisha. Midomo yote ikageukia upande mmoja. Hata kadi zake, ambazo siku ile ndizo pekee zilizotuonyesha tumepoteza nini, zikawa kosa. "Alijuaje kwamba zitahitajika?" Mgeni rasmi, maneno hayo hayakutoka mtaani. Yalitoka kwetu, tukiwa na vikombe mkononi. Mama Kadi akapewa barua ya kusimamishwa kazi.

Barua hiyo haikumkataza kusoma. Kila siku saa mbili asubuhi anafika, anajiandikisha katika daftari la wasomaji kama mtu mwingine yeyote, anakaa benchi la tatu karibu na dirisha. Sisi tunapita mbele yake tukijifanya tuna haraka.

Sasa ile picha. Akaunti yenye ruhusa ya kuingiza vitabu ni moja tu, nayo ina jina lake. Sote tuliitumia. Aliweka sharti kwamba atakayesahau neno la siri ataosha vikombe vyote wiki nzima. Tulichoka kuosha vikombe, basi tukaliandika neno hilo kwenye ubao mweupe juu ya birika. Alilifuta mara mbili. Mara ya tatu tukaliandika kwa kalamu isiyofutika.

Wiki iliyopita, tukijiandaa kukupokea, mama wa usafi alikuwa akipangusa picha yetu ukumbini. Akaita, "Jamani, hili si lile neno la kule kwenye birika?" Tukasogea. Wewe uko katikati, umeshika kikombe, unacheka. Neno la siri liko juu ya bega lako la kulia, linasomeka bila miwani. Picha hiyo tuliiweka wenyewe mtandaoni, na ilikuwa imekaa siku kumi na moja tulipovamiwa.

Mvamizi hatumjui hadi leo. Aliyemwachia mlango wazi tunamjua, ni sisi.

Maombi

Tunaomba kila mfanyakazi apewe akaunti yake. Tunaomba mafunzo, maana mmeona wenyewe. Lakini hayo yanaweza kusubiri. Ombi letu kubwa ni kwamba barua ile ifutwe leo, na kama lazima iwepo barua, basi iandikwe kwa majina yetu kumi na matatu.

Tulimwendea pale benchini tukamweleza yote. Akasema, "Kwa hiyo miezi mitatu nimeitwa mwizi kwa sababu nyie hamtaki kuosha vikombe?" Tukamwachia risala hii aisahihishe, maana ndiye anayetuandikia kila mwaka, na kwa kweli aliisahihisha. Alipanga upya nukta na mikato kwa penseli. Pale tulipoeleza makosa yetu hakugusa kitu. Sentensi moja tu aliikata, ile tuliyoandika kwamba ameshatusamehe. Pembeni aliandika: "Hili mngeniuliza kwanza."

Tumeiondoa, na bado hatujapata ujasiri wa kumuuliza.

Mungu akupe afya na moyo wa kututendea lililo haki, akurudishe salama kwa wote wanaokusubiri.

Ni sisi wafanyakazi kumi na watatu wa Maktaba. Wa kumi na nne yuko benchi la tatu, karibu na dirisha.