Mwalimu Lagu Soro, Aliyeambiwa Anaiga Redio

Mchungaji wetu, wakwe mliosafiri kutoka Kericho, jamaa wa Kajo-Keji na wa Moyo, majirani wa Lemon Gaba, watu wa soko la Custom, na ninyi wafanyakazi wa redio mliokaa pale nyuma ya hema, tuliyekuja kumzika leo ni Mwalimu Lagu Soro, na maisha yake yanasomwa na mwanawe Jethro, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo pande zote mbili za familia hii hukutana bila mkalimani. Ipo karatasi nyingine, fupi, iliyoandikwa na kamati ya mazishi siku ya Jumanne, inayosema tu kwamba marehemu alipenda lugha, lakini mama wa familia aliikataa, akamwambia Jethro, "Soma yote, ama umpe dada yako Scovia asome," na Jethro akakubali kusoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Kajo-Keji, kusini mwa Sudan, mtoto wa tatu wa mzee Soro Jubek na mama Poni, wote wawili wametangulia mbele za haki. Mwaka 1965 vita viliwafukuza, wakavuka mpaka hadi Moyo, Uganda, ambako alimaliza shule ya msingi, kisha akasoma sekondari Gulu hadi mwaka 1972, mwaka wa amani, akarudi Juba juu ya lori la chumvi, akiwa na mashati mawili na Kiingereza kingi kuliko kazi zilizokuwepo. Alijiunga na mafunzo ya ualimu Januari 1973 na kuhitimu Novemba 1975.

Katikati ya masomo hayo, tarehe 6 Juni 1974, alimkuta mama mmoja sokoni akichana kurasa za kamusi kubwa ya Kiingereza ili afungie wateja njugu, akasimama pale akasoma karatasi yake ya njugu mpaka njugu zikaisha, halafu akainunua kamusi yote iliyobaki. Herufi A mpaka C zilikuwa zimeshaondoka na wateja, kwa hiyo maisha yake yote marehemu alijua asili ya maneno kuanzia D, na mtu akimwuliza neno la A alimwambia akamtafute mama wa njugu. Alianza daftari siku hiyohiyo, na neno la kwanza aliloandika ni "shambles", ambalo Waingereza leo hulitumia kwa fujo ya kila aina, lakini zamani lilikuwa meza tu ya kuuzia nyama sokoni, baadaye likawa machinjio, na kutoka kwenye damu ya machinjio likafika kwenye fujo. Alipenda sana maneno yaliyopotea njia namna hiyo, akasema yanafanana na wakimbizi, unamkuta mtu kambini anauza sabuni kumbe kwao alikuwa chifu.

Alifundisha Kiingereza hapa Juba tangu mwaka 1976 hadi Mei 1989, vita vilipomtoa tena, akapita Uganda akafika Kenya, akapata kazi katika shule moja ya binafsi Kericho. Huko wanafunzi walikunja mikono kuonyesha misuli kila alipoingia darasani, kwa sababu aliwafundisha kwamba "muscle" maana yake ni panya mdogo, na kwamba watu wa kale waliona panya akikimbia chini ya ngozi. Huko pia alikutana na Priscilla Chepkoech, aliyekuwa karani wa shule, na marehemu siku ya kwanza alimweleza kwamba "nice", neno zuri la watu wazuri, zamani lilikuwa na maana ya mjinga, na mama akamjibu kwamba basi yeye mwalimu ni "nice" kabisa. Walifunga ndoa kanisani Kericho tarehe 19 Desemba 1992, wakajaliwa watoto wawili, Scovia aliyezaliwa mwaka 1994 na Jethro aliyezaliwa mwaka 1996.

Familia ilirudi Juba tarehe 2 Februari 2008, ikakaa kwanza Hai Malakal, halafu Lemon Gaba. Vyeti vyake vya ualimu vilikuwa vimeungua, na kila ofisi aliyoingia ilimwomba vyeti, kwa hiyo akiwa na miaka hamsini na sita aliweka meza Custom, kando ya wauza mitumba, akawa mwandishi wa barua za watu. Aliyekuja kuandikiwa barua ya kuomba kazi aliondoka na barua yake na asili ya neno moja, bure, apende asipende, na soko lote likamwita Khawaja Kamus, yaani Mzungu wa Kamusi. Jethro, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alilionea haya jina hilo, akawa anazunguka njia ndefu kutoka shule ili asipite pale, na hata alipokuwa mtu mzima, mwenzake wa kazi alipomwonyesha mzee anayewafokea wateja kuhusu maneno ya Kilatini, Jethro alisema ni mzee fulani tu wa soko.

Sasa linakuja jambo ambalo karatasi ya kamati ililiruka. Jethro alirudi kutoka masomoni Nairobi mwaka 2017, akapata kazi ya redio, na tarehe 5 Februari 2018 akaanzisha kipindi cha kila Jumatatu saa moja asubuhi kuhusu asili ya maneno ya Kiingereza, kipindi ambacho wengi wenu mmekisifu, na baadhi yenu mmekisifu hata jana hapa hapa kwenye bika, yaani matanga haya. Hakuna neno hata moja la kipindi hicho ambalo Jethro alilitafuta mwenyewe. Yote aliyatoa kwenye madaftari ya baba yake, kumi na moja kwa hesabu ya leo, akiyachukua moja moja na kuyarudisha kabatini, na kwa miaka saba na zaidi hakulitaja jina la Mwalimu Lagu Soro hewani, kwa sababu aliona haya watu wajue kwamba elimu yake imetoka kwenye meza ya Custom. Marehemu alijua. Alisikiliza kila Jumatatu, na akirudi jioni alisema tu kwamba sauti ya kijana imetulia.

Ugonjwa wa moyo ulianza Agosti mwaka huu, miguu ikavimba, na tarehe 29 Oktoba akalazwa. Jumamosi tarehe 8 Novemba Jethro alikwenda hospitali akiwa amejiandaa kuomba msamaha, akaketi, akauliza habari ya usingizi, akauliza habari ya chakula, kisha badala ya msamaha akajikuta anasema, "Baba, nipe neno moja la Jumatatu." Mtu hawezi kujitetea kwa jambo kama hilo na Jethro hajitetei. Marehemu alifumba macho, akampa "gossamer", uzi wa buibui unaoelea mashambani, na akaeleza, akipumzika kila baada ya maneno mawili, kwamba inadhaniwa limetokana na bata bukini na kiangazi, zile siku chache za joto mwezi wa Novemba huko Uingereza, wakati bukini wamenona na buibui wanatanda nyuzi kwenye majani.

Jumatatu tarehe 10 Novemba 2025 Jethro alilisoma neno hilo hewani. Msikilizaji mmoja alipiga simu akiuliza vitu hivi anavipata wapi, naye akajibu kwamba ni utafiti wake mwenyewe. Simu ya Jethro ilikuwa imezimwa kwa ajili ya studio. Mwalimu Lagu Soro alifariki saa moja na dakika ishirini asubuhi hiyo, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, na redio ndogo ikiwa juu ya mto kwa sababu aliiomba. Jethro amemwuliza mama kama baba alikuwa bado hai kulisikia swali la yule mpiga simu, na mama akamtuma akawapokee wageni.

Siku iliyofuata alikuja kwenye bika mzee Lokosang, muuza mitumba, jirani wa meza ya marehemu kwa miaka mingi. Alipomsikia Jethro akiwakaribisha watu chai aliweka kikombe chini, akasema, "Hii sauti mimi iko najua. Wewe ndiyo ile kijana ya redio?" Kisha akaeleza mbele ya mama kwamba mwaka 2020, wakati wa korona, marehemu aliwaambia wateja kwamba "quarantine" ni siku arobaini ambazo meli zilisubiri nje ya bandari huko Italia, na watu wakamcheka, wakamwambia, "Mzee, wewe unaiga redio, hii maneno ilisemwa Jumatatu," na Lokosang mwenyewe alikuwa mmoja wao. Marehemu alijibu kwamba kijana yule anajua kazi yake. Tangu siku ile hakuwahi tena kumweleza mteja neno lolote, aliandika barua zao tu, na hakuwaambia kwamba kijana yule ni mwanawe. Mzee Lokosang alilia, akidhani kosa ni lake. Kosa si lake.

Familia inamshukuru Daktari Athian, muuguzi Nyachuol aliyemgeuza mgonjwa kwa upole kila alfajiri, majirani wa Lemon Gaba waliochota maji na kupika tangu Jumatatu, mchungaji na kwaya, watu wa Custom waliochimba kaburi, na wafanyakazi wa redio waliotoa gari, ambao leo wamesikia hapa jambo walilostahili kulisikia zamani, na watakaloamua juu ya Jethro litapokelewa bila ubishi.

Tukishazika, familia itasimama mstari pale mlangoni ili mpeane mikono nayo, kama ilivyo desturi yetu. Mama Priscilla mpeni mkono. Scovia mpeni mkono, na mzee Lokosang pia, ambaye mama ameomba asimame nao kama ndugu. Jethro atasimama mwisho wa mstari, na anawaomba kwa heshima kwamba leo mumpite, msimwambie pole.

Mwalimu Lagu Soro, kazi yako ilikuwa yako tangu mwanzo. Bwana akupumzishe, baba, katika amani yake.