Nilipoulizwa Mahali, Nikajibu Mahari

Amani iwe kwenu akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliojibanza huku nyuma. Mchungaji ameniomba niseme machache kwa sababu wapo kati yenu walioitwa usaili wiki hii, kazi ya kwanza ya maisha yao, na nimesikia mmoja tangu jana chakula hakipiti. Huyo ndiye ninayemtaka anisikilize. Wengine mnaruhusiwa kusinzia.

Mkiniona nasema hivi mnadhani nilizaliwa na mdomo. Wapi! Ndugu zangu, nawaambia, kuna kipindi nilikaa bila kutamka neno la Kiswahili mbele za watu. Hata kuimba kanisani niliacha. Nilikuwa nafumbua kinywa tu ili mama asione.

Kwetu ni Titye, wengi mnapajua. Nilipomaliza darasa la saba tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, nyasi za paa bado zinanukia. Akaja mtu kuniposa. Simsemi vibaya, alikuwa mtu mzima mwenye shamba zuri na ng'ombe, na baba alimpenda. Mimi nilitaka kazi. Nikapiga magoti nikasema, "Data, baba yangu, nipe nafasi nijaribu." Baba si mkali, ila neno lake ni moja. Akanijibu, "Nakungoja mpaka maharage yavunwe. Ukipata kazi, nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi yule bwana. Usipopata, ng'ombe wataingia zizini."

Basi nikaomba kazi ya karani wa simu ya upepo, ile mashine ambayo ofisi ya hapa inazungumza na ofisi ya kule bila waya. Nikaitwa Kasulu. Na msidhani sikujiandaa! Nilikariri mikoa yote, nikakariri mawaziri, nikakariri maana ya kujitegemea mpaka mama naye akaijua. Nikaazima viatu kwa binti wa mjomba, vikanibana hadi machozi. Jambo moja tu hakuna aliyenikumbusha: kwamba kazi ya simu ni kazi ya mdomo.

Nikaingia. Watu watatu wameketi nyuma ya meza, wote wageni kutoka mikoa mingine. Mimi nikafanya nilivyolelewa. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu, nikawaamkia. Mmoja akainama kutazama chini ya meza. "Umeangusha nini, binti?"

Mnacheka. Ngojeni kwanza.

Mzee mwenye miwani alikuwa anaandika. "Jina?" Nikataja. "Umri?" Nikataja. "Mahali?"

Jamani, ninyi mnazijua ndimi zetu sisi Waha. Kwangu mimi L na R walikuwa mapacha, hata aliyewazaa hawezi kuwatofautisha. Na kichwani mwangu siku zote hizo lilikuwa linazunguka neno moja tu. Nikajibu kwa heshima zote: "Bado haijapokelewa, mzee. Ng'ombe wapo, ila baba anangoja maharage."

Walicheka. Yule mzee alivua miwani akafuta macho. Sikuelewa wanacheka nini mpaka mmoja aliponieleza, na aliponieleza ndipo nikatamani ardhi inimeze. Wakanipa maneno nisome kama vile niko kwenye simu: lori la chumvi limelala njiani. Kwa hofu nikasoma, "Rori ra chumvi rimerara njiani." Wakasema asante binti, utajulishwa. Hata mtoto mdogo anajua maana yake.

Habari zilifika Titye bila mimi kuzibeba. Nikienda kisimani wasichana wananiita Mahari. Niliumia, sitawaficha. Kilichoniuma si kucheka kwao. Ni kwamba nilianza kuamini kuwa mdomo wangu wenyewe umenikataa, na kwamba mtu kama mimi hakupaswa kuingia katika chumba kile. Nikanyamaza. Nikaanza kuyatazama maharage shambani yakitoa maua, na kila ua naliona kama kwato.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja wa Tanga, mke wa mwalimu aliyehamishiwa shule yetu. Yeye Mwislamu, mimi wakati ule Mkristo wa kununa. Siku moja akanisimamisha nikipita mlangoni kwake. "Wewe mwanangu, mbona siku hizi hata salamu hunipi?" Nikamweleza. Mama yule akacheka mpaka akashika ukuta! Nikageuka niondoke, akanishika mkono.

"Keti. Nami nikupe yangu. Siku niliyofika hapa alikuja bibi mmoja kuniamkia. Akachuchumaa, akaanza kupiga makofi. Wallahi nikadhani ananipigia ngoma, na mimi sikutaka nionekane nina maringo. Nikacheza!"

"Ulicheza?"

"Nilicheza, kanga ikanidondoka. Bibi wa watu akakimbia. Na bado naishi, waniona. Njoo kesho na maharage yenu ya ghalani, tuchambue huku twasema."

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoinuka. Kazi nilikuwa sijaipata, lakini nilikuwa nimempata mtu aliyeaibika kama mimi na anaisimulia huku anacheka.

Nikawa nakwenda kwake na ungo. Akanionyesha: kwa L ulimi unaegemea juu na kutulia, kwa R unatetemeka. Mahali, mahari. Kula, kura. "Nipe kalamu," anasema. Nikirudia vibaya ananiuliza, "Karamu ya nani tena, ya harusi yako?" Nikirudi nyumbani naendelea peke yangu uani. Mama, ambaye Kiswahili alikijua cha sokoni tu, akaanza kunifuatisha, na niwaambie ukweli, L yake ilinyooka kabla ya yangu. Baba alikuwa anakaa pembeni anachonga mpini wa jembe. Mimi nikadhani anahesabu siku za kufikia mavuno.

Maharage yamekwisha kukauka, tunakaribia kuyang'oa, ndipo nikaomba tena kazi ileile, nikaitwa, safari hii Kibondo. Nikapanda lori la mizigo, nikashuka nimekuwa mwekundu kwa vumbi kama tofali. Viatu safari hii sikuazima, nilivaa kandambili nilizosugua vizuri. Nikaingia. Na nani yuko katikati ya meza? Mzee mwenye miwani.

Alinitambua. Niliona mdomo wake unajizuia. Akashika kalamu. "Jina?" Nikataja. "Umri?" Nikataja. Akaweka kalamu chini, akanitazama. "Mahali?"

Mazoezi yote yakapeperuka. Nikamkumbuka yule mama na kanga yake iliyodondoka, nikasema, "Mahali ni Titye, Kasulu. Na mahari, mzee, nisipopata kazi hii inaingia zizini mavuno haya."

Wakacheka tena, lakini mara hii na mimi nilikuwa kwenye kicheko. Mzee ndiye aliyeacha kwanza. Akanisogezea karatasi nisome, na mwenzake akawa anagonga meza makusudi kuleta kelele, maana simu ya upepo ina makelele yake. Nikasoma polepole. Katikati nikateleza, "dawa zimerala," nikasikia mwenyewe. Zamani ningenyamaza na kulia. Nikasema, "Samahani, narudia," nikalirudia neno lile mpaka likakaa sawa, nikaendelea.

Mzee akawageukia wenzake. "Kwenye upepo kila mtu hukosea. Tunayemtafuta ni anayerudia."

Nilifika nyumbani nikamkuta baba mlangoni. Nikamwambia nimepata. Baba yangu, ambaye tangu nizaliwe huniambia kila kitu kwa Kiha, akakohoa kidogo, akanigeuzia uso, akaniuliza kwa Kiswahili, "Wamekupanga mahali gani?"

Ma-ha-li. L imenyooka, imetulia. Kumbe wakati wote anachonga ule mpini alikuwa anajifunza pamoja nami. Nililia pale pale mlangoni. Kesho yake alifunga safari mwenyewe kwenda kumwomba radhi yule bwana, kama alivyoahidi.

Namshukuru yule mama wa Tanga, ambaye mumewe amehamishwa tena, popote alipo Mungu amtunze. Nawashukuru wazazi wangu, na mzee mwenye miwani, hata kwa kicheko chake cha kwanza. Na wewe ambaye chakula hakipiti: nenda ule. Utateleza, nakuhakikishia. Ukiteleza usinyamaze. Sema narudia, kisha urudie. Kabla ya siku yako njoo kwangu na maharage, mimi nina ungo, tutachambua huku tunasema.

Na yule kijana wa nyuma anayenong'ona na mwenzake tangu nianze, nimesikia unachouliza. Mahari bado. Narudia: bado.