Nemesia Quinteros, Aliyewahesabu Wadudu Tuliotaka Wasihesabiwe

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Doña Nemesia Quinteros Ayaviri atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Taasisi ya Magonjwa ya Mabonde, hapa Cochabamba, kwa miaka thelathini na saba na miezi mitatu. Mhariri wa jarida la wafanyakazi aliniomba mimi, Rómulo Arancibia, mkuu wa kitengo chake, niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Nitachangamsha pale ninapoweza. Kuna mahali siwezi, na msomaji ataona sababu.

Alikuja Machi 1987 kutoka Punata, ana miaka ishirini na mitatu na cheti cha ufundi sanifu wa maabara. Alikuta chupa moja ya kioo yenye vinchuka kumi na mmoja, wale kunguni wakubwa wa kwenye nyufa za kuta za udongo wanaotuambukiza ugonjwa wa Chagas. Leo chumba cha wadudu kina zaidi ya elfu nne, kila kizazi na tarehe yake, na hakuna maabara ya mabondeni ambayo haijawahi kuazima wadudu wake.

Vinchuka hula damu, nao wetu hulishwa damu ya kuku tunaowafuga. Kuku hao Doña Neme aliwapa majina ya wakuu wetu. Nilipogundua mmoja anaitwa Arancibia, nilimuuliza kwa nini.

“Anatetea sana, Daktari, ila mayai siyaoni.”

Siku sanduku la wadudu lilipopasuka ofisini kwa mhasibu, aliwakamata wadudu wote arobaini na watatu kabla mwenyewe hajarudi kutoka kula salteña, sambusa zetu za kuokwa, kisha akanyamaza miaka tisa. Alimwambia siku ya kumuaga. Mhasibu alivua viatu pale pale mezani akaanza kuvikung'uta.

Amewafundisha mafundi kumi na wanne kutumia darubini. Daftari zake, sitini na mbili kwa jumla, zimeandikwa kwa wino wa bluu, bila ufutio. Mtu akikosea hupiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, kisha huandika sahihi pembeni. Hilo aliwafundisha wote. Mimi sikujifunza.

Mwaka 2009 tulianza jaribio lililokuja kunipa jina. Tulipulizia dawa mpya kwenye nyumba za kijiji cha Molle Kancha, na kila baada ya miezi sita tukabandika vikombe vyenye vinchuka ukutani, kuona kama dawa bado inaua. Vikombe vingine tulivibandika kwenye kuta zisizopuliziwa, kwa ajili ya kulinganisha. Mwezi wa kumi na nane wadudu walikufa karibu wote kwenye kuta zenye dawa. Nilifurahi mno. Lakini Doña Neme alinifuata maabara, daftari mkononi.

“Daktari, hata wale wa kuta zisizo na dawa wamekufa. Ishirini na wawili kati ya thelathini. Safari hii masanduku yalipanda gari moja na pampu za dawa. Wadudu wetu walifika wameshadhurika. Turudie.”

Kurudia kulikuwa na maana ya kungoja wadudu wapya wakue, na mimi nilikuwa na mkutano Lima baada ya wiki sita. Ndani ya chumba kulikuwa na wanafunzi wanne na mtafiti mgeni. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika:

“Doña Neme, wewe lisha wadudu. Hesabu tuachie sisi tuliosoma.”

Walicheka. Alifunga daftari, akafuta mikono yake kwenye koti, akatoka.

Katika makala niliandika kwamba vikombe vya kulinganishia vya mwezi ule viliharibika njiani, kwa hiyo havikuhesabiwa. Neno “viliharibika” lina mlango mpana, nilipitia hapo. Makala ilichapishwa mwaka 2011 katika jarida la kisayansi la nje, na mwaka uliofuata ofisi moja ya afya ikaitumia kupunguza upuliziaji Molle Kancha na vijiji jirani, kutoka kila mwaka hadi kila baada ya miaka miwili. Mimi nikapandishwa cheo. Jina la Nemesia Quinteros halikuwemo miongoni mwa waandishi, wala katika shukrani.

Mwishoni mwa 2013 bibi mmoja wa Molle Kancha, Doña Fortunata, alishuka kwa basi na mjukuu wake Wilma wa miaka sita, jicho moja limevimba mpaka limefumba. Alikuja pia na chupa ya soda yenye vinchuka kumi na wanne aliowaokota chini ya godoro la mtoto. Doña Neme ndiye aliyempokea. Alitoa tone la damu ya mtoto, akaliweka chini ya darubini, akawaona vimelea wanakwenda mbio. Alipanda ofisini kwangu bila kubisha hodi.

“Shuka ukaangalie.”

“Nimeamini, ni Chagas. Mpelekeni hospitali.”

“Hospitali ameshapelekwa. Nakuomba wewe uangalie. Ile dawa haikai miezi kumi na minane, Daktari. Nilikwambia.”

“Makala ile ilisomwa na wahakiki watatu.”

“Wahakiki hawakuona daftari langu.”

Sikushuka.

Akaliandikia lile jarida la nje. Kiingereza hajui, binti yake Ruth, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyetafsiri. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, na nakala za kurasa nne za daftari. Alitia jina lake kamili na cheo chake, fundi sanifu, wala hakunisema vibaya hata kwa neno moja. Mhariri aliponiuliza kulikoni, nilijibu kwamba ni manung'uniko ya mfanyakazi wa ngazi ya chini. Wiki hiyo hiyo nikamhamishia chini kabisa, kwenye chumba cha kuoshea vyombo vya maabara.

Aliosha vyombo miezi saba. Kila asubuhi tulikutana kwenye ngazi naye alinisalimu: “Habari za asubuhi, Daktari.” Asubuhi nyingi sikumjibu. Nayaandika haya nikijua baadhi yenu mlikuwepo kwenye ngazi hizo, na mlikuwa mnasikia.

Si utu uliopindua mambo. Ningependa kusema hivyo, ila ningekuwa nadanganya mara ya pili. Mhariri alitaka takwimu za awali, hivyo nikalitoa daftari kabatini ili nione jinsi ya kulieleza. Nilifungua mwezi wa kumi na nane. Palikuwa na wale ishirini na wawili kwa wino wa bluu, na pembeni, kwa mwandiko wangu, kwa kalamu ya risasi: “Hawa wasihesabiwe. R.A.” Nilikuwa nimesahau kwamba niliandika. Daftari alilitunza yeye kwa miaka mitatu, na maneno yale hakuyafuta. Na kati ya kurasa nne alizolipelekea jarida, ukurasa ule haukuwemo; wale ishirini na wawili aliwataja ndani ya barua tu. Alikuwa amenikinga.

Nilishuka chini. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji ya sabuni. Nikamwambia nimeuona ukurasa. Alikausha mikono kidole kwa kidole.

“Umenichelewesha sana,” alisema. “Haya, kaa uandike. Mimi nitakusomea tarakimu.”

Ndivyo tulivyoandika ombi la kuiondoa makala. Kila nilipotafuta neno laini hakunisomea tarakimu nyingine mpaka nikalipata lile gumu. Nilitaka “mapungufu”, likaja “nilificha”. Makala iliondolewa Agosti 2014 na upuliziaji ukarudi kila mwaka. Nilivuliwa ukuu wa kitengo kwa miaka mitano, nami nakiri niliona ni adhabu kali, mpaka tulipopima watoto wa Molle Kancha. Kati ya sitini na mmoja, saba walikuwa na vimelea.

Doña Neme alisema kuandika jaridani hakutoshi, kwa sababu Molle Kancha hawasomi jarida. Alinitaka niende mwenyewe. Nilisimama kwenye uwanja wa shule, yeye akitafsiri kwa Kikechua, nikaeleza nilichofanya. Nilipomaliza, mzee mmoja alimuuliza kitu, naye akajibu kwa kifupi. Baadaye nilimuuliza kilikuwa nini.

“Ameuliza kama umelewa. Nimemwambia hapana, ndiyo kwanza umelevuka.”

Doña Fortunata alinijia na bakuli la mahindi ya kuchemsha na kipande cha jibini juu.

“Umekuja kutwambia umekosea. Vizuri. Mjukuu wangu ni mgonjwa na wewe una njaa. Kula.”

Nilikula nimeinamisha kichwa. Sijawahi kula chakula kizito kama kile.

Watoto sita walimaliza dawa, na vipimo vya miaka iliyofuata havikuona vimelea tena, Wilma yumo. Wa saba, Efraín, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alitokwa na vipele vibaya ikabidi aache. Moyo wake unapimwa kila mwaka. Januari hii daktari aliona umeanza kupanuka. Mtu akiniuliza kosa langu lilikwisha lini, jibu langu ni kwamba halijaisha.

Makala mpya, iliyosema ukweli kuhusu dawa ile, ilitoka mwaka 2016. Mwandishi wa kwanza ni N. Quinteros Ayaviri. Alikubali kwa sharti moja: ichapishwe kwa Kihispania pia, na muhtasari wake usomwe kwa Kikechua redioni. Tangu wakati huo kitengo hiki hakipeleki makala popote bila fundi aliyeshika daftari kutia saini. Kanuni hiyo ni yake, na maabara tatu nyingine zimeiiga.

Jumatatu iliyopita nilikwenda chumba cha wadudu. Nilikuwa nimekwisha kuomba radhi kwa jarida, kwa ofisi ya afya na kwa Molle Kancha. Kwake yeye, kwa miaka kumi, sikuwahi. Nilifunga mlango nikaanza kusema. Aliinua mkono.

“Fungua mlango, Daktari. Ulinishusha mbele za watu. Ukitaka kuniomba radhi, usije kuninong'oneza.”

Kwa hiyo nimeandika wasifu huu, na Ijumaa saa sita mchana, uani, kabla ya sahani za pique, nyama yetu ya kukaanga na viazi, kupakuliwa, nitausoma mimi mwenyewe. Mbele ya mafundi, wanafunzi na wageni kutoka Molle Kancha: Doña Nemesia, ulisema kweli nami nikakufanya uchekwe. Ulisimamia watoto wa watu nami nikakupeleka kuosha vyombo. Ulinisalimu sikukujibu. Nilikosa, na nakuomba radhi. Si lazima unipe.

Taasisi inakushukuru kwa miaka yako yote. Nenda salama kwako Punata, uamke utakapo, uwe na afya na wajukuu wa kukuchosha. Na asubuhi moja ukipita hapa mjini, panda zile ngazi. Safari hii mimi nitakuwa wa kwanza kukuamkia.