Kasuba Ng'andu, Fundi wa Redio za Malori

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Kasuba Ng'andu. Alifariki Jumanne kwa ugonjwa wa figo, hapa Chingola, akiwa na miaka hamsini na saba. Ukiona lori la shaba lina redio ya mawasiliano, huenda ni yeye aliyeifunga. Nilimfahamu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukikosea mbele yake, utamsikia.

Madereva walimwita Bana Fyuzi, yaani Mama Fyuzi. Gari halikutoka uani kwake bila fyuzi ya kukata umeme kwenye waya, pale pale karibu na betri. Na kila waya ulipopita kwenye tundu la bati, aliuvisha mpira usikatwe. Siku moja nilikuwepo dereva alipochoka kusubiri.

"Bana Fyuzi, unafunga redio au unajenga kanisa?"

"Kanisani utaingia umebebwa, wewe. Kaa chini usubiri."

Dereva akaingia kwenye lori, akachukua maiki ili ajaribu. Kasuba akaruka. "Usibonyeze! Hujaona mtu kashika antena huku juu? Unataka kumuunguza mikono?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Sababu ni hii. Miaka ishirini na sita iliyopita alimfungia redio mdogo wake, Sampa, dereva wa lori la njia ya Solwezi. Fyuzi zilikuwa zimemwishia.

"Rudi kesho asubuhi," alimwambia.

"Dada, foleni ya kupakia hainisubiri. Funga hivyo hivyo, kesho nitapita uweke hiyo fyuzi yako."

Akafunga hivyo hivyo. Hakuweka fyuzi. Hata mpira kwenye tundu hakuweka.

Mchana wa siku ya pili Sampa aliegesha lori, akalala kidogo humo ndani. Kumbe safari nzima waya ulikuwa ukisuguana na bati. Ukachunika, ukashika moto. Wenzake walivunja kioo wakamtoa, lakini alifia njiani kuelekea hospitali. Aliacha binti wa miaka minne, Musonda.

Wakaguzi waliandika kwamba lori lilikuwa kuukuu. Kasuba angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alisimama msibani, nyumba imejaa, akasema, "Waya ule niliuweka mimi. Nilijua haujakamilika. Nikamwacha aende."

Wifi yake, mke wa Sampa, alipiga yowe. Mama yao akasema, "Nimekusikia. Sasa kalete maji, wageni hawajanawa." Hakuligusia tena jambo hilo mpaka naye alipofariki.

Mama yake Musonda alipoolewa tena Ndola, mtoto alibaki kwa shangazi. Kasuba alimsomesha na kumlea. Hakuzaa, hakuolewa. Nilipomuuliza alinijibu, "Nina mtoto tayari."

Jana nilikwenda msibani, mtaa wa Chiwempala. Musonda ni muuguzi sasa. Tulikaa kando ya akina mama waliokuwa wakisonga nshima, ugali wetu, akaniambia jambo ambalo ameniruhusu niwaambie.

"Nikiwa na miaka kumi na sita tuligombana. Kisa ni sherehe tu, alinikataza kwenda. Nikamwambia, 'Wewe ndiye uliyemuua baba yangu.' Alipakua chakula, akaniwekea mezani, akaenda kukaa nje. Kesho yake aliniamsha niende shule kama kawaida. Sikuwahi kumwomba radhi. Kila mwaka nilisema nitamwambia Krismasi. Hospitalini nilimwosha, nikamlisha, nikambadilisha shuka. Neno lenyewe halikutoka. Nilidhani tuna wiki nyingine."

Wasikilizaji wapendwa, tunaipa pole familia ya Ng'andu. Tunawapa pole madereva wa njia ya Solwezi na mafundi aliowafundisha. Mazishi ni leo saa nane mchana. Ninyi mlio barabarani, simamisheni gari, fungueni boneti, mtazame waya wa redio yenu ulivyopita. Na kama kuna neno unalomdai mtu, au anakudai wewe, lifikirie leo.

Nilipokuwa naondoka, Musonda alinifuata hadi getini. Akaniomba nisome maneno haya hewani: "Shangazi, nilikosea. Wewe ni mama yangu."

Nikamwambia, "Mwanangu, sijui kama yatamfikia."

Akasema, "Hata mimi sijui. Wewe soma tu."

Nimeyasoma.