Njiwa Ndani ya Wasifu

Kwenye treni, mama kijana alimbembeleza mwanawe huku masikio yakiwa kwa mzee wa ubavuni, mfanya mazingaombwe, aliyekuwa akisoma wasifu wa mpwawe aliyeketi mbele yake, mwanafunzi wake, wa kuombea kazi ya mazingaombwe hotelini.

"Toba! Umeandika njiwa namficha wapi?" mzee alimaka.

"Mjomba, wametaka nieleze ujuzi kwa kina."

"Kwa kina, siyo mpaka ndani ya koti! Taja ulikotumbuiza, basi. Wakishajua siri, watakuajiri kwa lipi?"

"Nisipoeleza, wataaminije kwamba naweza?"

"Chana, andika upya!"

"Niliupeleka jana. Meneja kaupenda, kawasomea wafanyakazi wote."

"Hoteli gani?"

"Hiyo unayotumbuiza leo."

Treni ikasimama kwenye kituo chao cha kushuka. Mzee hakuinuka. Ndani ya koti lake njiwa akaguna, na mtoto akacheka.